Je, Wajua? Dodgers wa Brooklyn walikoishia

Je, wajua kwamba mmoja wa mafundi waliofunga lifti za majengo pacha ya World Trade Center jijini New York alikuwa bingwa wa besiboli? Ni Carl Furillo. Mwaka 1953 hakuna mpigaji wa Ligi ya Taifa ya Marekani aliyemfikia: wastani wa .344, maana yake katika kila mara 100 alizolishika gongo alifaulu zaidi ya mara 34. Ukiona ni kidogo, jua kwamba katika mchezo huo anayefaulu mara 30 huitwa fundi, na zile 70 zinazobaki husamehewa. Furillo alilinda upande wa kulia wa uwanja, na kwa jinsi alivyoweza kurusha mpira toka mbali akabandikwa jina la Bunduki ya Reading, Reading ukiwa mji wa jirani na kwao Pennsylvania.

Mwaka 1960 klabu yake, Dodgers, ilimwacha akiwa na jeraha la mguu. Akaishtaki, akidai mkataba haukuruhusu kumtema mchezaji aliyeumia, na akalipwa. Ila tangu siku hiyo hakuna timu iliyompigia simu, naye aliamini mpaka kufa kwamba kesi ile ndiyo iliyomfungia milango. Akajaribu duka la vyakula mtaa wa Queens. Mwandishi Roger Kahn alipomsaka kwa ajili ya kitabu chake The Boys of Summer, kilichotoka 1972, alimkuta amevaa kofia ngumu kwenye shimo la lifti, akiwa kibarua wa kampuni ya Otis.

Leo safu yetu ni ya timu hiyo moja, Dodgers wa Brooklyn. Jina lenyewe maana yake ni wakwepaji: zamani wakazi wa Brooklyn walisifika kwa kukwepa tramu za umeme zilizokatiza mitaani kwao. Kati ya 1941 na 1956 walikutana na Yankees mara 7 katika World Series, fainali kuu ya besiboli, wakashinda mara moja tu, mwaka 1955. Kilio cha mashabiki wao kila mwaka kilikuwa "ngoja mwakani", kauli ambayo shabiki wa soka wa Dar es Salaam au Nairobi ataielewa bila mkalimani. Baada ya msimu wa 1957 timu ilihamia Los Angeles na iko huko mpaka sasa.

Kabla hatujaendelea, shika hili, maana ndilo linaloeleza mengine yote: hadi katikati ya miaka ya 1960 kima cha chini cha mshahara wa mchezaji wa ligi kuu kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa siku. Na mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake mpaka klabu yenyewe imuuze au imtupe. Ndiyo maana majira ya baridi yakifika nyota waliuza magari, walifundisha shule, walishika kaunta. Jackie Robinson mwenyewe, akiwa ametoka tu kutajwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1949, alionekana kwenye duka la vifaa vya umeme huko Queens akiwauzia watu televisheni.

Basi twende.

Je, wajua kwamba Billy Cox, ambaye wengi waliomwona husema hapajatokea mlinzi wa kituo cha tatu mwenye mikono laini kama yake, alirudi kijijini kwao Newport, Pennsylvania, akawa mhudumu wa baa? Wateja walimjua. Wengine hawakumjua.

Preacher Roe, mrushaji wa mkono wa kushoto, mwaka 1951 alishinda michezo 22 na kupoteza 3. Baadaye akafungua duka la vyakula huko West Plains, Missouri, na leo mji huo una barabara yenye jina lake. Ila kitu kilichomtangaza zaidi ni ungamo. Mwaka 1955, akiwa ametoka tu kustaafu, alilieleza jarida la Sports Illustrated kwamba silaha yake kubwa ilikuwa mpira wa mate. Kupaka mate kwenye mpira ili upinde njia kulipigwa marufuku tangu 1920. Inasemekana aliamini ungamo lake lingeifanya ligi ihalalishe mate. Haikuhalalisha. Duka likaendelea.

Je, wajua kwamba jina la utani la nahodha wao, Pee Wee Reese, lilitokana na gololi? Utotoni Louisville, Kentucky, alikuwa hodari wa mchezo wa gololi, na pee wee ni ile gololi ndogo kabisa. Wasomaji waliokulia vumbini wakilenga gololi kwa kidole gumba wataona kwamba mtoto ni mtoto popote. Alipostaafu alitangaza mechi kwenye televisheni, kisha akaajiriwa na kampuni ya Hillerich & Bradsby ya mjini kwao, watengenezaji wa magongo ya Louisville Slugger. Yaani aliyepigia magongo hayo miaka yote ndiye akawa anayauza.

Clem Labine, mrushaji aliyeingizwa mechi zikiwa zimechacha, alirudi Woonsocket, Rhode Island, akabuni nguo za michezo za wanaume. Eddie Basinski, aliyecheza Brooklyn 1944 na 1945, alikuwa mpiga fidla wa okestra ya Buffalo, na miwani yake ilikuwa minene hata watu hawakuamini kama anaona mpira. Rex Barney alikuwa na kasi ya ajabu ya kurusha, tatizo lake lilikuwa mpira uende wapi. Mwaka 1948 alicheza mechi nzima bila mpinzani kupata hata pigo moja, na miaka michache baadaye mambo yakawa yamekwisha. Alirudi uwanjani kwa mlango mwingine: alikuwa sauti ya kipaza sauti cha uwanja wa Orioles, Baltimore, na kila shabiki alipoudaka mpira uliorukia jukwaani, Barney aliitangazia klabu impe huyo mkataba.

Na George Shuba je? Huyu naomba tukae naye kidogo.

Shuba, mtoto wa Youngstown, Ohio, mji wa viwanda vya chuma, alisifiwa kwamba ana swingi ya kuzaliwa nayo, kwamba gongo mikononi mwake linakwenda lenyewe. Kahn alipomtembelea, akamtajia sifa hiyo. Shuba akamwonyesha siri. Alikuwa ananing'iniza kamba kutoka darini, imefungwa mafundo, mafundo yakionyesha mpira unapopita kwenye eneo la kupigwa. Gongo lake la mazoezi alilitia risasi, ile metali nzito, ili liwe zito kuliko la mechi. Kila usiku wakati wa baridi alipiga kamba ile mara 600. Akifika 60 anachora alama ya X kwenye karatasi, anaanza tena. Alama 10 zikitimia, analala. Hiyo ndiyo swingi ya kuzaliwa nayo.

Mikono hiyohiyo baadaye ilifanya kazi posta, akiwa mkaguzi. Na ukutani kwake Shuba alitundika picha moja tu ya besiboli. Ilipigwa tarehe 18 Aprili 1946 mjini Jersey City, yeye na Robinson wakiwa bado timu ya chini ya Montreal. Robinson alikuwa ameupiga mpira ukavuka ukuta, akazunguka vituo vyote, na alipokanyaga cha mwisho akamkuta Shuba amenyoosha mkono ampongeze. Mzungu na Mweusi wanashikana mikono uwanjani, mechi ya kwanza kabisa ya Robinson katika besiboli iliyokuwa ya Wazungu watupu. Shuba alisema hakuwa anafikiria rangi. Mwenzake kapiga, mkono unatolewa. Alifariki 2014, na sasa mjini kwao pana sanamu ya mikono ile.

Je, wajua kwamba Chuck Connors, nyota wa filamu za televisheni za The Rifleman, aliichezea Brooklyn mechi moja tu maishani? Tarehe 1 Mei 1949 aliingizwa kupiga badala ya Furillo, akaupiga mpira uliowatoa wachezaji wawili kwa mpigo mmoja. Mechi moja, pigo moja, hasara mbili. Kabla ya hapo alikuwa amecheza mpira wa kikapu Boston Celtics, ambako alivunja ubao wa goli wakati wa kupasha misuli. Mwaka 1951 alicheza michezo 66 na Cubs ya Chicago, kisha akashushwa timu ya Los Angeles ya ligi ya chini, na kwa kuwa Hollywood ilikuwa mlango wa pili, mtu wa studio akamwona akifanya vituko uwanjani. Kuanzia 1958 hadi 1963 akawa Lucas McCain, mfugaji mwenye bunduki ya haraka.

Miongoni mwa mashabiki wake alikuwamo Leonid Brezhnev, mkuu wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1973 Brezhnev alipozuru California, Connors alimkabidhi bastola 2 za Colt kama zawadi, na mzee wa Kremlin akamrukia kwa kumbatio mbele ya wapiga picha. Connors alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi zaidi ya 5. Picha zipo.

Huyo alikuwa wa bunduki za maigizo. Moe Berg alibeba bastola ya kweli. Aliichezea Brooklyn mwaka 1923, enzi klabu ikiitwa Robins, akiwa ametoka Chuo Kikuu cha Princeton na lugha kibao kichwani. Wenzake walimtania kwamba anajua lugha saba na hawezi kupiga mpira kwa hata moja. Mwaka 1934 alikwenda Japani na msafara wa Babe Ruth, na siku moja akapanda juu ya paa la hospitali ya St. Luke's mjini Tokyo na kamera akalichukua jiji filamu. Vita vilipokuja akajiunga na OSS, shirika la ujasusi. Desemba 1944 akatumwa Zurich kuhudhuria mhadhara wa mwanafizikia Werner Heisenberg, na maagizo yalikuwa wazi: ukisikia dalili kwamba Ujerumani inakaribia bomu la atomiki, mpige risasi. Berg akakaa, akasikiliza, akaamua hakuna dalili. Heisenberg akaenda zake nyumbani. Tumewazoea wachezaji wastaafu wanaokuwa makocha. Huyu alipewa kazi ya kupima fizikia kwa sikio na uhai wa mtu mfukoni.

Turudi kwa waliobaki ndani ya besiboli.

Gil Hodges, mlinzi wa kituo cha kwanza, alipiga mipira 370 nje ya uzio na aliwahi kupigana Okinawa akiwa askari wa majini. Mwaka 1968 alikabidhiwa Mets wa New York. Mets walikuwa kichekesho cha taifa: msimu wao wa kwanza, 1962, walipoteza michezo 120. Mwaka wa pili wa Hodges, 1969, wakafika fainali dhidi ya Orioles wa Baltimore.

Mchezo wa tano. Mets wako nyuma. Mrushaji wa Orioles anaurusha mpira chini, unadunda karibu na mguu wa Cleon Jones na kubingirika hadi kwenye benchi la Mets. Jones anadai umemgonga, na sheria inasema akigongwa anapewa kituo cha kwanza bure. Mwamuzi anasema hapana. Hodges anatoka benchini polepole, hana haraka, hapandishi sauti, ameshika mpira. Anamwonyesha mwamuzi alama nyeusi: dawa ya kiatu. Mwamuzi anatazama, anabadili uamuzi. Mpigaji anayefuata, Donn Clendenon, anaupeleka mpira nje ya uzio, mbili zinaingia, Mets wanashinda 5 kwa 3 na kombe ni lao. Miaka mingi baadaye mrushaji wao Jerry Koosman alisimulia kwamba mpira ulipofika benchini Hodges alimwambia ausugue kwenye kiatu chake. Mwenye kuamini na aamini.

Hodges alianguka kwa moyo Aprili 1972, akitoka kucheza gofu na makocha wenzake, siku 2 kabla ya kutimiza miaka 48. Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, ule wa Cooperstown, ulimpokea 2022. Nusu karne. Kwa maoni yangu walichelewa kwa aibu.

Je, wajua kwamba Tommy Lasorda alikatwa timu ili kumpisha Sandy Koufax? Mwaka 1955 sheria ilitaka kijana aliyesajiliwa kwa fungu kubwa abaki timu kubwa, basi Lasorda akashushwa. Katika maisha yake yote ya ligi kuu Lasorda hakushinda mchezo hata mmoja kama mrushaji: 0 kwa 4. Alipokuwa kocha mkuu wa Dodgers, kuanzia 1976 hadi 1996, alitwaa World Series 2, na mwaka 2000 akaipa Marekani dhahabu ya Olimpiki mjini Sydney. Alipenda kujisifu kwamba ilibidi atafutwe mrushaji bora wa mkono wa kushoto duniani ndipo yeye aondolewe.

Na Koufax? Siku ile Brooklyn ilipotwaa kombe lake la pekee, Oktoba 4, 1955, kijana huyo wa miaka 19 aliyekaa benchi alivua jezi akaendesha gari hadi Chuo Kikuu cha Columbia, kwa sababu jioni alikuwa na kipindi. Jiji zima linapiga honi, yeye yuko darasani. Alistaafu 1966 akiwa na miaka 30, kilele cha kilele, kiwiko kikiwa kimeliwa na baridi yabisi. Akasaini na NBC mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 1 kuchambua mechi. Kazi ya kuongea haikumkaa. Kabla mkataba haujaisha akaondoka, akaishi kwenye nyumba ya shamba Maine.

Don Zimmer, aliyewahi kupigwa na mpira kichwani hata akalala hospitali siku nyingi bila fahamu, alijivunia kwamba hajawahi kupokea mshahara nje ya besiboli. Miaka 66. Soma tena aya za Cox na Furillo ndipo uone hilo ni jambo la kujivunia kweli.

Mtu aliyeokoa kombe la 1955 ni Sandy Amorós wa Cuba. Mchezo wa saba, Yogi Berra anapiga mpira wa juu unaokatia kona ya kushoto, Yankees 2 wakiwa vituoni. Amorós anakimbia, anakimbia, ananyoosha mkono wa kulia wenye glavu, anaudaka pembeni kabisa mwa uzio. Angekuwa mtu wa mkono wa kulia, glavu yake ingekuwa kushoto na asingeufikia. Baada ya mapinduzi, serikali ya Fidel Castro ilimtaka aongoze timu ya taifa. Akakataa, na shamba lake likataifishwa pamoja na gari. Mwaka 1967 alifika Marekani mikono mitupu. Ikagundulika kwamba amepungukiwa siku chache kupata pensheni ya wachezaji. Dodgers wakamwandika kwenye orodha ya timu, hakucheza hata dakika moja, siku zikatimia, akafutwa. Katika mambo yote ya klabu hii, karatasi ile ndiyo ninayoipenda kuliko kombe.

Ralph Branca aliurusha mpira ambao Bobby Thomson wa Giants aliupiga nje ya uzio tarehe 3 Oktoba 1951, na Brooklyn ikapoteza ubingwa wa ligi dakika ya mwisho. Branca alikuwa na jezi namba 13. Akauza bima. Akawa pia rais wa shirika la kuwasaidia wachezaji wa zamani waliofilisika au kuugua. Na yeye na Thomson, mwuaji na mwuawa, walizunguka pamoja miaka kadhaa wakisaini picha za pigo lile kwa malipo. Mwaka 2001 gazeti la Wall Street Journal likathibitisha uvumi wa zamani: Giants walikuwa na darubini ng'ambo ya uwanja, wakiiba ishara za mdakaji. Branca alikuwa amesikia hilo tangu miaka ya 1950 na alinyamaza.

Duke Snider alinunua shamba la parachichi Fallbrook, California. Parachichi hazikumlipa; akauza ardhi, akarudi kwenye maikrofoni, akitangazia Expos wa Montreal miaka mingi. Mwaka 1995 alikiri mahakamani kwamba hakulipa kodi ya fedha alizopata kwa kusaini mipira na picha.

Don Newcombe, mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, mwaka 1956, alinywa mpaka akaweka rehani pete yake ya ubingwa. Mwaka 1962 alikuwa Japani na timu ya Chunichi, safari hii si kama mrushaji bali kama mpigaji. Alipoacha pombe hakurudi nyuma tena, na Dodgers wakamwajiri azunguke akiwasaidia wengine waache.

Joe Black alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda mchezo wa World Series akiwa mrushaji, 1952. Bega lilipochoka akarudi kwao Plainfield, New Jersey, kufundisha shule. Kisha kampuni ya mabasi ya Greyhound ikamchukua, na akapanda hadi kuwa makamu wa rais. Fikiria enzi hizo: si miaka mingi nyuma Weusi walikuwa wakilazimishwa kukaa viti vya nyuma vya mabasi ya kusini, na sasa mmoja wao anaketi ofisi ya juu ya kampuni kubwa ya mabasi nchini.

Sasa Robinson. Nilimchelewesha makusudi.

Kwamba tarehe 15 Aprili 1947 alivunja mwiko wa rangi katika ligi kuu, hilo wajua. Je, wajua alistaafu vipi? Desemba 1956 Brooklyn ilimwuza kwa mahasimu wao wakubwa, Giants. Kumbe yeye alikwisha kuwatangulia: alikuwa amekubali kazi ya umakamu wa rais wa Chock full o'Nuts, kampuni ya kahawa yenye migahawa kila kona ya New York, akisimamia wafanyakazi, ambao wengi walikuwa Weusi. Habari ya kustaafu alikuwa ameliuzia jarida la Look, kwa hiyo ilimbidi akae kimya huku magazeti yakiandika atavaaje jezi mpya. Hakuivaa.

Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Freedom National Bank, benki ya Weusi ya Harlem, akawa mwenyekiti wake.

Je, wajua kwamba jina lake limo katika historia ya elimu ya Kenya? Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiomba nafasi za vyuo kwa vijana wa Kiafrika. Nafasi zilipatikana, nauli ndiyo haikuwapo. Barua ya kuomba michango ikatoka ikiwa na majina 3: Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Septemba mwaka huo ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Robinson alimsukuma Makamu wa Rais Richard Nixon serikali itoe nauli ya kundi la pili. Mwishowe fedha zilitoka kwenye mfuko wa familia ya Kennedy. Ndani ya kundi hilo la 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma Kansas, Wangari Maathai.

Robinson alifariki Oktoba 1972, miaka 53, kisukari kikiwa kimemla macho na miguu. Miaka ya 1980 mwanawe David alihamia Tanzania. Akafyeka shamba Mbozi, kule ambako siku hizi ni Mkoa wa Songwe, akaanza kulima kahawa na kuungana na wakulima wenzake kuiuza moja kwa moja Marekani kwa jina la Sweet Unity Farms. Baba alimwagia New York kahawa kwenye vikombe, mtoto anaichuma Mbozi ikiwa bado nyekundu.

Carl Erskine ndiye aliyewazika karibu wenzake wote. Mwaka 1953 aliwatoa wapigaji wa Yankees mara 14 kwa mapigo matupu katika mchezo mmoja wa World Series, rekodi kwa siku hizo. Nyumbani kwao Anderson, Indiana, akawa rais wa benki, na akafundisha timu ya chuo cha pale miaka 12. Mwaka 1960 alizaliwa mwanawe Jimmy akiwa na sindromu ya Down, wakati ambao watoto wa namna hiyo walipelekwa kwenye vituo na kusahauliwa. Erskine na mkewe wakamrudisha nyumbani, wakamlea kama ndugu zake, na kwa ajili yake Erskine akaitumikia Olimpiki Maalumu ya Indiana maisha yake yote. Kwenye sherehe alitoa kinanda cha mdomo mfukoni akapiga wimbo wa taifa. Alifariki Aprili 2024 akiwa na miaka 97.

Roy Campanella, mdakaji, mchezaji bora wa ligi mara 3, alikuwa na duka la vileo Harlem kama akiba ya uzeeni. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1958 alifunga duka akaelekea nyumbani Glen Cove kwa gari la kukodi, lake likiwa gereji. Karibu na nyumbani gari liliteleza kwenye barafu, likagonga nguzo na kupinduka. Shingo ikavunjika. Klabu ilikuwa imehamia Los Angeles na yeye hakuwahi kuichezea huko hata siku moja. Hata hivyo, tarehe 7 Mei 1959 watu 93,103 walijaa uwanja wa Coliseum kwa mechi ya kumchangia. Pee Wee Reese akakisukuma kiti chake cha magurudumu hadi katikati, taa zikazimwa, na kila mtu akawasha kiberiti.

Mwaka uliofuata, tarehe 23 Februari 1960, Campanella alikuwa Brooklyn, kwenye uwanja wao wa zamani, Ebbets Field. Erskine na Branca walikuwapo pia. Winchi ilikuja na ule mpira wa chuma wa kubomolea, na wenye kazi walikuwa wameupaka rangi nyeupe na mishono myekundu ufanane na mpira wa besiboli. Campanella alikabidhiwa chombo chenye udongo uliochotwa pale alipokuwa akichuchumaa nyuma ya mpigaji. Kisha ukuta ukagongwa. Mwaka 1964 mpira uleule ulipelekwa kubomoa uwanja wa Giants, Polo Grounds.

Ebbets Field palijengwa maghorofa ya kupangisha. Kwenye ukuta wake wakabandika kibao cha kuwakataza watoto: ni marufuku kucheza mpira hapa.